Kidonda ni cha Nani? Uuguzi wa Majeruhi wa Kichwa na Uti wa Mgongo, Washington na Afrika Mashariki

Mtu aliyeumia uti wa mgongo hadi akapooza, akishavuka siku za mwanzo, mara nyingi hauawi na ule mvunjiko. Huuawa na kidonda kilichochimbika kwenye nyonga kwa kuwa mwili haukuhisi maumivu ya kumwamuru ageuke, au na mkojo uliotuama kibofuni hadi ukaharibu figo, au na makohozi yaliyokwama kifuani mwa mtu asiye na nguvu ya kukohoa. Daktari mpasuaji hukaa naye saa chache. Saa zinazobaki, usiku na mchana, ni za muuguzi. Hali hiyo ni ileile Washington na ni ileile Moshi. Kinachotofautiana ni nani anauguza, hadi lini, na nani alimfundisha.

Kwa karne nyingi jibu la tabibu lilikuwa moja: hakuna la kufanya. Papiri ya Misri ijulikanayo kwa jina la Edwin Smith, ya yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, inamweleza kwa umakini wa kushangaza mtu aliyeteguka pingili za shingo, asiyehisi mikono wala miguu, kisha inahukumu kwamba maradhi hayo hayatibiki. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia hukumu hiyo ilikuwa bado inasimama: askari wengi waliopooza walikufa ndani ya miezi michache. Aliyeipindua ni Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi. Mwaka 1944 alifungua wodi Stoke Mandeville, Uingereza, akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku kucha, na kibofu kitunzwe kwa usafi mkali. Dawa mpya za kuua vijidudu zilisaidia, lakini kazi iliyowaokoa watu hao ilikuwa ya mikono ya wauguzi na wahudumu wa wodi.

Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia viliupokea mkondo huo vikaujengea taasisi. Chama cha maveterani waliopooza, Paralyzed Veterans of America, kilichoanzishwa mwaka 1946, kina makao yake mjini humo. Hospitali ya jeshi ya Walter Reed, iliyofunguliwa mwaka 1909 na kuhamishiwa Bethesda mwaka 2011, imewapokea majeruhi wa vita baada ya vita. Mwaka 1986 ilifunguliwa National Rehabilitation Hospital, na mwasisi wake, Edward Eckenhoff, alikuwa mwenyewe amepooza miguu kwa ajali ya gari ujanani. Hospitali ya utengamao ikiongozwa na mtu ambaye mwenyewe amepooza, mgonjwa mpya hujifunza jambo siku ya kwanza kabla hajaambiwa neno.

Katika wodi za aina hii kumgeuza mgonjwa wa siku za mwanzo ni kazi ya watu watatu au wanne. Mmoja ameshika kichwa na shingo, na yeye ndiye anayehesabu. Mwili wote unazungushwa pamoja kama gogo, usipindike popote. Chini yake kuna godoro la hewa linalobadilisha mgandamizo. Kibofu hupimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Ngozi ya mgongo, visigino na nyonga hukaguliwa kila zamu, na kila kinachoonekana huandikwa kwenye kompyuta. Tangu Oktoba 2008 bima ya serikali ya Marekani kwa wazee na walemavu, Medicare, hailipi nyongeza kwa kidonda kirefu cha mgandamizo kilichompata mgonjwa akiwa wodini. Maana yake, mbele ya sheria kidonda hicho ni cha hospitali. Ndiyo iliyokosa kumgeuza.

Huku kwetu kidonda ni cha familia. Tunazo taasisi zenye heshima yake: Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti wa mgongo jijini Nairobi, na Mnazi Mmoja, Zanzibar, ambako upasuaji wa ubongo na mgongo sasa unafanyika kisiwani penyewe. Wanaoletwa huko ni abiria na madereva wa bodaboda, watu waliopinduka na magari, na kwa visiwani na mwambao, mkwezi wa minazi na mchumaji wa karafuu aliyeponyokwa na tawi. Usiku, hata hivyo, muuguzi mmoja mara nyingi ana wodi nzima. Anayegeuza ni mama, mke, mdogo wa mgonjwa, au binamu aliyetoka kijijini akaacha shamba. Ndiye anayefua shuka, analisha uji, anamwaga mkojo, anakwenda kununua glavu na mpira wa mkojo duka la dawa lililo nje ya geti. Jina lake halimo kwenye faili.

Sipendi kuuona mkono huo wa ndugu kama dalili ya umaskini tu. Mgonjwa wa Washington hugeuzwa kwa wakati, na watu waliofunzwa. Lakini saa tisa za usiku, anapotambua kwamba hatatembea tena, aliye naye chumbani anaweza kuwa mtu aliyekutana naye jioni ile. Mgonjwa wa Moshi anaweza kuchelewa kugeuzwa, ila anayemgeuza amemjua tangu utotoni. Hizi ni nusu mbili za uuguzi, na hakuna iliyo bora kiasi cha kuidharau nyingine.

Kwa majeruhi wa kichwa tofauti inakuwa kali zaidi. Kote kuwili wauguzi hutumia kipimo cha Glasgow, kilichotungwa mwaka 1974: macho, usemi na mwendo wa viungo hupewa alama, jumla ikianzia 3 hadi 15, na alama zikishuka hata mbili ni sababu ya kumwita daktari mbio. Kote mboni hupimwa kwa tochi, kichwa cha kitanda huinuliwa nyuzi thelathini, shingo hunyooshwa ili damu ishuke vizuri kutoka kichwani. Lakini mtu anapoanza kuzinduka, akiwa na ghasia, akitukana na kung'oa mirija, wodi ya Marekani hupunguza taa, huzima televisheni, huruhusu wageni mmoja mmoja. Kwetu huo ndio wakati watu wanapojaa. Shangazi anasoma Yasini sikioni, wazee wa kanisa wanaimba, watoto wanaletwa ili baba asikie sauti zao. Sayansi inaunga mkono utulivu, kwa kuwa ubongo uliochubuka huchoka upesi. Inakubali pia kwamba sauti inayofahamika humsaidia anayezinduka. Muuguzi mzuri wa kwetu huchagua sauti moja kati ya zile ishirini, na kuwaomba wengine wasubiri chini ya mti. Ni busara ambayo haijaandikwa kwenye mwongozo wowote wa wodi niliousoma.

Washington nayo haikuwa mji wa wodi tulivu siku zote. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe mji ulijaa hospitali za mabanda, na akina mama walisafiri kutoka mashambani kuja kuwauguza wana wao. Mshairi Walt Whitman alifika Virginia mwishoni mwa mwaka 1862 kumtafuta mdogo wake miongoni mwa majeruhi.