Asili na maana za neno 'remember'

NENO la Kiingereza 'remember', yaani kumbuka, lina asili ya Kilatini. Liliingia katika Kiingereza karne ya 14 kutoka Kifaransa cha kale, 'remembrer'. Kifaransa nacho kililipata kwa 'rememorari' la Kilatini, ambalo ndani yake mna 're', yaani tena, na 'memor', mwenye kuweka jambo akilini.

Wapo wanaodhani kuwa maana yake ya awali ni kuunganisha viungo upya, kwa kuwa husikika humo 'member'. Dhana hiyo si sahihi. 'Member' limetokana na 'membrum', neno jingine la Kilatini lenye maana ya kiungo. Herufi 'b' ya 'remember' ilizuka katika matamshi ya Kifaransa, ili 'm' na 'r' zitamkike kwa wepesi.

Maana zake ni kadhaa. 'Remember to pay' humtaka mtu asisahau kulipa. 'I remember paying' hueleza kuwa malipo yalikwishafanyika. Katika wosia, kumkumbuka mtu ni kumwachia fungu.

Wazungumzaji wa Kiswahili hukosea zaidi mahali pamoja. Kumbuka na kumbusha ni za mzizi mmoja, lakini Kiingereza hutumia maneno mawili tofauti: 'remember' na 'remind', lililojengwa kwa 'mind', akili, katika karne ya 17. Mgonjwa anayemwambia muuguzi 'remember me', akitaka akumbushwe saa ya dawa, huwa ameomba asisahauliwe, mithili ya mtu anayeaga.