Fanya Juu

Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa kilimo, aliandika ripoti kuhusu vilima vya Machakos, Kenya: makorongo, udongo uliokwisha, mifugo isiyo na malisho. Lawama zikawaangukia Wakamba, eti wamezidi na ng'ombe wao wamezidi. Lakini walikuwa wamefungiwa ndani ya rizavu, na malisho waliyoyakimbilia wakati wa ukame yalikuwa yamechukuliwa. Huku Njoro, katika Bonde la Ufa, mlowezi Lord Delamere peke yake alipewa ekari 100,000. Serikali ya kikoloni iliyogawa huku ndiyo iliyobana kule.

Mwaka 1938 serikali hiyo ilikamata ng'ombe wa Wakamba ili kuwapunguza kwa nguvu. Kiongozi wao Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi, wakapiga kambi wakidai kuonana na gavana. Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini mpango ule ukaachwa. Ikafuata mitaro ya lazima, ambayo watu waliichimba kwa kinyongo, na uhuru ulipokuja wengi wakaitelekeza.

Kisha wakairudia wenyewe, na hapo ndipo ninapowavulia kofia. Walitumia mtindo uitwao fanya juu: unachimba mtaro kukingama mteremko, udongo unautupa upande wa juu, na tuta unalipanda nyasi za kulishia ng'ombe. Msimu baada ya msimu udongo unaoteremka unakwama pale, shamba linakuwa ngazi. Kazi ilifanywa na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, wengi wao wanawake, kwa kuwa waume walikuwa wakitafuta mshahara mjini. Fedha zilizotumwa nyumbani, kahawa iliyoruhusiwa miaka ya 1950, na mahindi ya Katumani yanayowahi kukomaa, vyote viliingia katika matuta yale.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha hesabu ya mabadiliko hayo. Watu walikuwa wameongezeka kutoka 240,000 hivi miaka ya 1930 hadi milioni 1.4 kufikia 1990, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Si kila nyumba ilinufaika; wasio na mtu wa kuwatumia fedha waliachwa nyuma.

Njoro nayo sasa imejaa. Mashamba ya walowezi yamegawanywa vipande, na mwaka 2001 zaidi ya hekta 35,000 za msitu wa Mau ya Mashariki, ulio juu ya Njoro, ziliondolewa katika hifadhi. Mto Njoro unatoka huko ukibeba udongo hadi Ziwa Nakuru. Mkamba alichimba akijua mwanawe atalirithi tuta. Huko Mau watu wamefukuzwa zaidi ya mara moja, na anayelima huko bila hati, asipochimba, mimi simlaumu.