Watoro wa Rabai: Nani alifungua mlango, na nani alilipwa riale

Leonard Mambo Mbotela alipofariki dunia Februari 2025, Wakenya walimlilia mtangazaji wa kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", sauti iliyokaa redioni tangu miaka ya 1960. Wachache walikumbuka alikozaliwa: Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, katika makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini. Baba yake, James Mbotela, ndiye mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu chembamba kilichochapishwa mwaka 1934 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Mwaka huohuo wa msiba, Freretown ilitimiza miaka 150.

Jinsi makazi hayo yalivyoanza inajulikana. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la wamisionari wa Kianglikana la Uingereza, CMS, alifika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe na mtoto wao mchanga mwaka huohuo. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakapiga kambi Rabai. Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga soko lao. Manowari za Uingereza zikaanza kukamata majahazi, na likazuka swali ambalo mkataba haukulijibu: hawa waliookolewa watakwenda wapi?

CMS ilimtuma mchungaji William Salter Price, ambaye alikuwa ameendesha kituo cha Waafrika waliokombolewa karibu na mji wa Nasik, India. Price alifika Mombasa mwishoni mwa 1874 na kumkuta Rebmann mzee, karibu kipofu. Akanunua ardhi Kisauni na kuyapa makazi jina la Sir Bartle Frere, mwanadiplomasia aliyekuwa amekwenda Zanzibar kuusukuma ule mkataba. Mwaka 1875 manowari zikaanza kushusha watu, wengi wao watoto.

James Mbotela anasimulia yote hayo kwa moyo wa shukrani. Baba yake alikuwa mmoja wa waliookolewa, na kitabu kinamtazama Mwingereza kama mtoto anavyomtazama aliyemtoa majini. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamemlaumu kwa hilo, na lawama hiyo si ya bure. Lakini kosa kubwa zaidi liko kwetu sisi tuliofuata. Tumechukua nusu ya hadithi, ile ya meli na mchungaji, tukaiacha ile iliyotokea nchi kavu kilomita chache kutoka hapo. Mwanahistoria Fred Morton, aliyeandika kitabu kizima kuhusu watumwa waliokombolewa na waliotoroka pwani ya Kenya, anaiona nusu hiyo ya pili kuwa ndiyo yenye uzito. Ni vigumu kubishana naye.

Mkataba wa 1873 ulifunga bahari, lakini haukuufuta utumwa. Kwenye mashamba ya nafaka ya Malindi na Takaungu watumwa waliendelea kulima, na sheria iliendelea kuwatambua kuwa mali ya mabwana zao. Aliyetoroka alikuwa mtoro, na aliyempa hifadhi alikuwa mwizi. Walioshushwa na manowari Freretown walikuwa na ulinzi wa bendera. Mtoro aliyekuja kwa miguu usiku, akipita porini, hakuwa na chochote.

Hao ndio waliobisha hodi Rabai.

Aliyekuwa akiisimamia Rabai kwa miaka mingi ya kipindi hicho alikuwa William Henry Jones. Jina ni la Kizungu, mtu ni Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akakombolewa, akalelewa na misheni India, na mwaka 1864 akarudi pwani pamoja na wenzake kumsaidia Rebmann. Watu wa kundi lake waliitwa Waafrika wa Bombay. Walikuwa wamesoma na kufunzwa kazi za mikono kama useremala na uhunzi, tena walizungumza Kiingereza, na mara kwa mara walisigana na wamisionari waliotaka kuwaona kama wasaidizi tu. Jones alijua maana ya kuuzwa. Wenye shauku ya kujua ujasiri wake waulize kuhusu safari ya 1885, mwaka ambao Askofu James Hannington alimpa yeye na mwenzake Ishmael Semler daraja la ushemasi. Miezi michache baadaye Hannington aliuawa Busoga pamoja na karibu wapagazi wote aliokwenda nao mbele. Jones, aliyekuwa ameachwa nyuma Mumias na sehemu kubwa ya msafara, ndiye aliyewarudisha waliobaki. Walifika Rabai Februari 1886 wakiwa wametangulizwa na bendera ya buluu iliyoandikwa kwa herufi nyeupe neno moja la Biblia: Ikabodi, utukufu umeondoka.

Huyu ndiye mtu ambaye watoro walimkuta mlangoni.

Agizo kutoka juu lilikuwa wazi. Wamisionari walikwishaonywa, na wakubwa wao na pia na ubalozi wa Uingereza Zanzibar, wasipokee watumwa wa watu. Sababu zilikuwepo. Mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuishambulia Freretown kwa ajili ya watoro hao, na misheni ilijua inaishi pwani kwa hisani ya Sultani. Hata hivyo watoro waliendelea kuja. Walijenga vibanda, wakalima mahindi na mihogo, wengine wakaingia madarasa ya ubatizo. Kuwafukuza kungekuwa kuwarudisha kwenye kiboko, na Rabai haikuwafukuza.

Kulikuwa na mahali pengine palipofanya hivyo bila Mzungu hata mmoja. Fuladoyo, ndani ya nchi ya Wagiriama, palikuwa na kijiji cha watoro kilichoongozwa na Wakristo wa Kigiriama, na kiongozi wake aliyejulikana zaidi ni David Koi. Hakuwa na mshahara wala manowari ya kumlinda. Mwaka 1883 alikamatwa na kuuawa na watu wa upande wa wenye watumwa. Kanisa Anglikana la Kenya humtaja kama shahidi wake wa kwanza. Nje ya kanisa, mtaje Koi mbele ya darasa la historia mjini Nairobi uone ni mikono mingapi itanyanyuka.

Wakati huohuo, pale palipoitwa makao ya uhuru mambo hayakuwa safi. Msimamizi wa Freretown, mlei aliyeitwa J. R. Streeter, aliwatawala waliokombolewa kwa bakora, pingu na kifungo. Habari zilipofika Uingereza zikawa kashfa, Streeter akaondolewa, na Price akarudishwa kutengeneza yaliyoharibika. Mtu aliyetolewa kwenye jahazi la watumwa akachapwa viboko na misheni iliyomkomboa alikuwa na haki ya kuuliza amekombolewa kutoka kwa nani.

Ugomvi mkubwa ulilipuka mwaka 1888. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, IBEAC, ilikuwa ndiyo kwanza imepata ridhaa ya kuitawala pwani kwa jina la Sultani, na mwakilishi wake George Mackenzie alishuka Mombasa akihitaji urafiki wa matajiri wa mji. Matajiri hao walikuwa na lalamiko moja: watumwa wao wako kwa wamisionari. Price, ambaye alikuwa amerudi pwani kwa mara ya tatu, alilazimika kuhesabu. Idadi ilimtahayarisha kila mtu. Katika vituo vya misheni, Rabai ikiongoza, kulikuwa na watoro zaidi ya 1,400.

Kwa macho ya sheria, misheni ilikuwa imekamatwa na mali ya wizi.

Mackenzie aliona kwamba kuwarudisha watu hao kungeleta aibu London, na kuwaacha kungeleta vita Mombasa. Akaamua kulipa. Majina yakaandikwa, mtoro mmoja mmoja pamoja na jina la bwana wake, na bei ikakubaliwa: riale 25 kwa kichwa. Jumla ilifika karibu pauni 3,500, zikatoka kwenye kampuni, serikali ya Uingereza na wafadhili wa misheni. Tarehe 1 Januari 1889, Rabai, watoro wakakabidhiwa karatasi za uhuru. Magazeti ya Uingereza yalishangilia, na picha ya Mackenzie kama mkombozi ikaenea.

Itazame hesabu hiyo kwa utulivu. Waliopokea fedha ni wenye watumwa. Waliofanyishwa kazi miaka mingi bila ujira walipata karatasi. Kampuni ilinunua amani ya biashara kwa bei ambayo kwake haikuwa kubwa, ikahesabiwa kuwa imetenda kwa huruma. Jones na wenzake, waliobeba hatari yote kabla ya fedha kuonekana, walitajwa katika barua za wakubwa kama watu waliosababisha usumbufu. Na bado, bila wao kusingekuwa na mtu wa kukombolewa siku ile. Kwa kipimo cha Injili ya Mathayo, pale mgeni anapokaribishwa na aliye uchi anapovikwa, Rabai ilikuwa imeshafanya kazi kabla Mackenzie hajafungua mkoba.

Yaliyofuata yanasimulika haraka. Utumwa wenyewe ulifutwa pwani ya Kenya mwaka 1907, na hapo tena fidia ikaenda kwa wenye watumwa. Watoto wa Freretown wakawa makarani, walimu na makatekista waliotawanyika hadi bara. Chuo cha theolojia kilichoanzishwa Freretown mwaka 1888 kilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ndicho Chuo Kikuu cha St. Paul's. Mji ukavuka maji. Daraja jipya la Nyali la mwaka 1980 likamaliza kabisa utengano wa kisiwa na upande huo, na shamba la Price likawa mitaa ya watu wengi.

Kengele ya Freretown bado ipo, kwenye njia panda ambayo makondakta wa matatu huiita Kengeleni. Simulizi za wenyeji husema ililizwa kuwaonya watu wanaponyemelewa na wakamataji. Ni ukumbusho unaostahili, lakini wa upande ule ule wa hadithi uliokwisha kukumbukwa. Rabai ina makumbusho inayomwenzi Krapf. Watoro 1,400 na ushei, ambao majina yao yaliandikwa mmoja mmoja ili mabwana walipwe, wanastahili ukuta hapo wenye majina hayohayo, na jina la Jones likiwa juu yao. Fuladoyo nako kunahitaji kibao barabarani chenye jina la Koi. Kaunti za Kilifi na Mombasa zimetumia fedha nyingi kwa vitu vyenye sababu ndogo kuliko hii.