Zawadi ya Mwezi wa Aprili

Mwanafunzi mmoja wa chuo chetu cha walimu aliwahi kuniuliza swali lililoniacha bila jawabu. Alikuwa ametafuta neno gumu katika kamusi iliyomo mtandaoni, akalipata mara moja, wala hakutozwa hata senti. "Mwalimu," akasema, "ni nani aliyelipa?" Najua msomaji atanikumbusha kuwa bando hununuliwa. Ni kweli; lakini hiyo ni nauli ya barabara tu. Sokoni tulikofika, kamusi ile iligawiwa bure.

Jawabu limo katika historia ya miaka michache, nayo yaanzia mbali na kwetu, karibu na mji wa Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Hapo pana taasisi kubwa ya utafiti wa fizikia iitwayo CERN. Wataalamu wa mataifa mengi hufika, wakafanya kazi yao, kisha wakarudi makwao. Tarakilishi zao zilikuwa za namna nyingi, na maarifa yaliyohifadhiwa katika moja hayakupatikana kwa urahisi katika nyingine. Intaneti, yaani njia za kuunganisha mashine hizo, ilikwisha kuwako. Lililokosekana ni utaratibu mmoja wa kusoma yaliyomo.

Mwezi wa Machi 1989 Mwingereza mmoja aliyefanya kazi hapo, Tim Berners-Lee, aliandika pendekezo la kuziunganisha hati zote kwa viungo, hata msomaji aweze kutoka hati moja na kuingia nyingine, popote ilipo. Mkuu wake, Mike Sendall, aliandika juu ya karatasi ile kwamba wazo halijawa wazi, lakini lasisimua. Hakulikataa, na mara nyingine kutokukataa kwatosha. Kufikia mwisho wa 1990 Berners-Lee alikuwa amekwisha kuitengeneza Wavuti, na kwa kitambo Wavuti yote ya dunia ilikaa ndani ya tarakilishi yake moja. Akaibandika karatasi yenye wino mwekundu, kuwaonya watu wasiizime.

Lakini Wavuti haikuwa peke yake. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilitoa utaratibu wake wa kutafutia habari, ukaitwa Gopher, kwa jina la mnyama achimbaye mashimo ardhini. Gopher ulipendwa sana, na kwa muda uliitangulia Wavuti kwa mbali. Kisha, mwanzoni mwa 1993, chuo kile kikatangaza kuwa baadhi ya watumiaji wa programu zake watalipa ada. Sikilaumu: kazi ina gharama, nao walioifanya walihitaji mishahara. Hata hivyo hofu iliwaingia hata wale wasiotakiwa kulipa, kwa maana aliyetozwa leo ni jirani, na kesho huenda nikawa mimi. Watu wakaanza kuhama.

Huko Geneva jambo hili lilionekana. Tarehe 30 Aprili 1993 wakurugenzi wawili wa CERN, Walter Hoogland na Helmut Weber, walitia saini hati iliyosema kwamba taasisi yaacha haki zake za umiliki juu ya programu za Wavuti, na kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzinakili, kuzibadili na kuzigawa. Wapo wasemao kuwa Wavuti ilishinda kwa sababu ya picha, kwani mwaka uo huo kilitokea kivinjari cha Mosaic kilichoonyesha picha na maandishi pamoja. Nami nakubali kuwa picha zilivuta wengi. Lakini naona picha zisingalifaa kitu kama mlangoni pangesimama mtoza ushuru.

Matunda ya hati ile yalitufikia hata sisi. Mnamo Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya na rafiki zao walitengeneza kwa siku chache tovuti iitwayo Ushahidi. Watu walituma habari za mambo waliyoyaona, nazo zikawekwa katika ramani ili wote wajue ni wapi pana hatari. Hawakuandika barua kwenda Geneva kuomba idhini, wala hawakungoja jibu. Nao, kwa zamu yao, waliitoa programu yao bure. Mwaka 2010, baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, ilitumiwa huko kuonyesha mahali palipohitaji msaada.

Nilipomsimulia mwanafunzi wangu haya, alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba ameisoma Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, akakuta makala ya mji wao ina mistari mitatu tu. Akauliza ni nani aandikaye makala hizo. Nikamwonyesha juu ya ukurasa mahali pa kubonyeza ili kuhariri, naye akavuta kiti karibu.