99.9 Kibera, 99.9 Kawangware: Kupima Kipokezi cha Redio

Pamoja FM ya Kibera, iliyoanza mwaka 2007, na Mtaani FM ya Kawangware hurusha matangazo kwa masafa yaleyale, megahezi 99.9. Koch FM ya Korogocho nayo imo humo humo. Kila redio ya kijamii ina mtambo wa nguvu ndogo, ili sauti ya mtaa ibaki mtaani. Barabara ya Ngong hupita kati ya Kibera na Kawangware, na hapo ndipo ubora wa kipokezi hujulikana.

Kipimo cha kwanza ni usikivu. Fundi huunganisha jenereta ya mawimbi mahali pa antena, kisha hupunguza nguvu kidogo kidogo mpaka kelele ikaribie kuimeza sauti. Kelele hiyo haiishi: joto la kawaida pekee huifikisha desibeli 121 hivi chini ya miliwati moja, katika chaneli ya kilohezi 200.

Lakini kando ya barabara ile mawimbi si haba, yamegongana. Sasa zinahitajika jenereta mbili, moja ya stesheni inayotakiwa, nyingine ya mshindani wake. Katika FM mwenye nguvu humfunika mnyonge, na kipokezi kizuri humtambua mwenye nguvu kwa tofauti ya desibeli 1 hadi 3 tu. Kumtambua si kumsikia vizuri. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, hupendekeza tofauti ya desibeli 36 kwa sauti ya mono na 45 kwa stirio pale mwingiliano usipokatika. Na kwa kuwa mwenye nguvu ndiye husikika, ukuta wa mabati ukikinga upande mmoja, stesheni inaweza kubadilika bila mtu kugusa redio.

Kwa ving'ora vya usalama visivyo na waya, mwingiliano ni hatari kubwa zaidi. Vingi hutumia megahezi 433.92, pamoja na rimoti za mageti na za magari. Redio iliyoingiliwa hukwaruza, mwenyewe akajua. King'ora kilichoingiliwa hunyamaza, na ukimya wake hufanana na usalama. Kwa hiyo kipokezi chake hakina budi kupima nguvu ya mawimbi muda wote. Ujumbe wa kitambuzi cha mlango huisha kabla ya sekunde moja. Nguvu ikibaki juu kwa sekunde nyingi mfululizo, kuna kitu kimekalia masafa, na mtambo unapaswa kutoa onyo. Vitambuzi navyo vitume ishara ya uhai kila baada ya muda, ili atakayekosekana ajulikane.

Kufungua mlango mara moja na kusikia king'ora kikilia si jaribio la kutosha. Fundi makini hupima kelele ya mahali penyewe, asubuhi na jioni, kisha huhakikisha kitambuzi cha mbali kabisa kinaizidi kwa desibeli 10 au zaidi.