Jina Lililorukwa
Sehemu ya 4

Ilipoishia: Baba mdogo amekwisha kupokea nusu ya pesa za kilima cha ukoo, na hakuna ajuaye zilikokwenda. Shangazi Masika ameapa kwamba kilima hakiuzwi mpaka nyumba zote za ukoo zikae kikao.

Shangazi hakuinua macho. Aliendelea kuchambua lengalenga, majani huku, mashina kule.

"Nihesabie wana wa babu mkubwa," akasema.

Ni hesabu ya kitoto. Kwetu Wanande jina huja kwa zamu: mvulana wa kwanza ni Mumbere au Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Ita "Kambale!" sokoni Butembo uone vichwa vitakavyogeuka.

"Mumbere alibaki ng'ambo. Kambale ndiye babu yetu. Kakule alikufa bila mtoto."

"Umeruka mmoja."

"Kasereka alichukuliwa na mto Semliki, shangazi. Wewe mwenyewe ulitusimulia."

"Nilisimuliwa nikasimulia. Nani alimwona akichukuliwa?"

Nikanyamaza. Nimesoma kwamba Wamarekani wenye asili ya Ireland huwatafuta mababu zao katika orodha za abiria wa meli. Sisi hakuna karani aliyesimama ukingoni mwa Semliki kutuandika. Wazee husema tu kwamba Wayira, ndio sisi, walitoka Kitara, wakavuka mto ukoo kwa ukoo, wakaipanda milima hii na kufyeka msitu. Aliyetangulia kutia shoka ndiye mukonde. Waliokuja nyuma yake walimwomba yeye mahali pa kulima. Shangazi huyaeleza hayo kana kwamba yalitokea juzi, naye alikuwa akipika uji pembeni.

Lakini kuvuka kwa akina Kambale si kwa kale hivyo. Kulikuwa kwa chumvi. Wanaume walikwenda hadi ziwa la Katwe, wakarudi na mizigo mgongoni. Kisha mwaka 1910 Wabelgiji na Waingereza wakakubaliana mpaka, na mlima Rwenzori ukagawanywa: ndugu wa upande wa Waingereza wakajulikana kama Wakonzo, sisi Wanande. Baadaye hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, ikapanuliwa hadi bonde la Semliki, na njia za zamani zikabaki kwa viboko na tembo. Majina hayakukatika. Hata mfalme wa Rwenzururu huko kwa Wakonzo, aliyewahi kutunza wazee kule Pennsylvania kabla Uganda haijautambua ufalme wake mwaka 2009, ni Mumbere.

Shangazi akafuta mikono kwenye kitenge, akatoa kidaftari chini ya godoro. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na namba moja tu, ya Uganda.

"Mwanamke huyu amefika Kasindi, mpakani. Anasema ni wa nyumba ya Kasereka. Kesho anapanda gari la Beni. Nenda ukampokee, na baba yako mdogo asijue."

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54. Nilizimaliza kwa pikipiki, meno yamejaa vumbi. Barabara ya Kasindi si ya kuahidiana saa, kwa hiyo nilingoja karibu na mzunguko wa Nyamwisi tangu asubuhi, nikihesabu malori. Saa tisa lori moja likashusha magunia, kisha likashusha mama mmoja mwenye mfuko wa plastiki.

Nilitegemea kuona mgeni. Nikaona pua ya shangazi Masika.

Nilimvutia kiti kibandani. "Wasingya," akashukuru, kama tunavyoshukuru sisi, ila kwa lafudhi ya ng'ambo. "Wewe ni nani, mwanangu?"

"Kakule."

"Wa nne, basi. Vizuri. Kasereka hakuliwa na mto, Kakule. Alikaa ukingoni siku tatu na mzigo wa chumvi, akiita."

"Mbona hakuvuka?"

"Mtumbwi ulikuwa upande wenu." Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Na kilima mnachokiuza, unajua ni nani aliyekitia shoka la kwanza? Walikwenda Katwe shamba limekwisha kufyekwa. Aliyerudi alikuta kazi ya mwenzake."

Kabla sijapata la kusema, simu yangu ikalia juu ya meza. Baba mdogo. Kwa haraka ya kuizima nikabonyeza vibaya, sauti yake ikajaa kibandani:

"Kakule! Uko wapi wewe? Mnunuzi amefika, tunatia sahihi leo hii!"

Nikakata. Mama yule alikuwa ameacha kukoroga.

"Huyo ni nani?"

"Baba yangu mdogo."

Akafungua mfuko wake wa plastiki, akatoa bahasha, akaisukuma kwangu polepole. Ndani mlikuwa na dola, nyingi, zimefungwa kwa mpira.

"Sauti hiyo naijua," akasema. "Ndiyo iliyonitumia hizi mwezi uliopita, ili nisivuke."

Itaendelea wiki ijayo.