Jamaa aliyenawa mikono kwa sumu ili petroli iuzike

Wadau, leo tuache kidogo habari za nani kamuacha nani. Kuna skendo moja ya kitambo ambayo ina kila kitu tunachokipenda humu: hela ndefu, uongo mbele ya waandishi wa habari, mchumba aliyetoswa, na mhusika mkuu aliyekufa kifo cha ajabu. Jina lake silitaji, ndo utaratibu wetu, ila mkifika katikati wengine mtakuwa mshamjua.

Turudi Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Magari yameshakuwa mengi ila injini zina ugonjwa mmoja, zinagonga. Fundi yeyote wa mtaani kwako anaujua ule mlio, kama mtu anapigapiga bati kwa nyundo ndogo chini ya boneti. Kinachotokea ni kwamba pistoni ikikandamiza mchanganyiko wa petroli na hewa, sehemu ya huo mchanganyiko inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Nguvu inapotea, na ukizidi kulazimisha unaua injini. Ule uwezo wa petroli kuvumilia kukandamizwa bila kulipuka hovyo ndo unaitwa oktani.

Sasa General Motors walikuwa na maabara Dayton, Ohio, na humo ndo alikuwemo mshkaji wetu. Mhandisi wa mitambo, miaka thelathini na kidogo, anajua kuongea. Yeye na wenzake walijaribu vitu kibao. Kimojawapo kilichofanya kazi vizuri tu kilikuwa pombe. Ndiyo, pombe, yaani ethanoli. Inavumilia kukandamizwa kuliko petroli ya enzi zile, na unaitengeneza kwa mahindi, miwa, viazi, chochote chenye sukari au wanga. Jamaa alikuwa analijua hilo na alishaisifia.

Afu ikafika tarehe 9 Desemba 1921. Wakatia kwenye injini dawa inaitwa tetraethili ya risasi. Risasi hapa siyo ya bunduki, ni yale madini mazito yenyewe. Kugonga kukaisha palepale. Na kiasi kinachohitajika ni kidogo mno, chini ya kijiko cha chai kwa galoni moja ya petroli.

Hapo ndo pombe ikatoswa. Na sababu ni mkwanja. Pombe hata mkulima kijijini anaipika, huwezi kuichukulia hataza ukasema ni yako peke yako. Risasi unaweza. Halafu ili pombe ifanye kazi unaitia kama sehemu moja ya kumi ya tenki au zaidi, na kampuni gani ya mafuta itakubali kumwachia mpika pombe sehemu ya kumi ya mauzo yake? Ukumbuke pia Marekani ya wakati ule pombe ya kunywa ilikuwa imepigwa marufuku nchi nzima.

Februari 1923 mzigo ukaingia sokoni palepale Dayton. Waliuita Ethyl. Jina zuri, kama la binti wa kanisani. Neno risasi kwenye matangazo hulioni.

Kwani hawakujua kama ni sumu? Walijua! Sumu ya risasi inajulikana tangu enzi za Warumi. Na mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 1923 jamaa mwenyewe alikimbilia Florida kupumzika, maana risasi ilikuwa imeshamdhuru.

Oktoba 1924 mambo yakalipuka. Kwenye kiwanda kimoja New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wanatengeneza ile dawa walianza kuona vitu ambavyo havipo, kuweweseka, kupigana na hewa. Watano wakafa, makumi wakalazwa hospitali. Mtaani ikaitwa gesi ya vichaa na magazeti ya New York yakaivalia njuga.

Mnajua alichofanya mshkaji? Tarehe 30 Oktoba akaitisha waandishi wa habari. Mbele yao akanawa mikono kwa ile dawa, kisha akaishika chupa puani akavuta kwa sekunde sitini, akasema anaweza kufanya hivyo kila siku na asipate shida. Mtu ambaye mwaka uliotangulia alikuwa anajiuguza kwa sumu hiyohiyo! Mimi nimeona watu wakitafuta kiki, ila ile ya kuvuta sumu huku maiti bado mbichi sijaona mwenzake.

Kiki ikalipa. Mwaka 1925 uuzaji ulisimamishwa kwa muda, serikali ikaunda kamati, 1926 mzigo ukarudi. Henry Ford yeye mwaka 1925 alikuwa bado anaimba kwamba pombe ndo mafuta ya kesho. Hakuna aliyemsikiliza.

Kwa miongo mingi dunia nzima ikatembelea petroli ya risasi, na risasi inaharibu ubongo, hasa wa watoto. Mwanasayansi mmoja aitwaye Clair Patterson, yule aliyepima umri wa dunia, ndo alipiga kelele miaka ya 1960 akionyesha jinsi ilivyojaa hewani na baharini. Miaka ya 1970 Marekani wakaanza kuipunguza, pia kwa sababu inaua kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, yale masega ambayo wezi wa mjini wanayafukuzia siku hizi.

Huku kwetu je? Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001, na risasi ikaondoka kwenye pampu zake kufikia mwanzo wa 2006. Kwa hiyo wewe uliyezaliwa mjini miaka ya 90, ukalelewa kando ya barabara ya daladala au matatu, umeivuta. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha Julai 2021. Juzi tu hapo.

Jamaa hakuyaona hayo. Alishatengeneza pia gesi ya friji iliyokuja kutoboa ozoni (huyu mtu jamani!), akapata polio mwaka 1940, akajibunia mtambo wa kamba na kapi za kumwinua kitandani. Mwaka 1944 alikutwa amenyongwa na kamba hizohizo, ana miaka 55.

Na yule mchumba aliyetoswa karudi mjini. Brazil walianza mpango wa pombe ya miwa 1975, na 1979 wakatoa Fiat 147 inayotumia pombe tupu. Malawi wanachanganya tangu 1982. Kenya nayo miaka ya 1980 ilichanganya ethanoli ya Muhoroni.

Siyo malaika lakini. Lita ya ethanoli ina nishati pungufu kwa kama theluthi ukilinganisha na petroli, kwa hiyo tenki linawahi kuisha. Inavuta maji, na inatafuna mipira ya magari ya zamani. Na nyie mnaowaza kumwagia gongo kwenye Vitz, acheni: gongo imejaa maji, mtaishia kuvutwa na kamba.